Kadi ya Mkopo Yenye Pointi kwa Matumizi ya Nyumbani na Safari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya ndiyo ambayo walimu wa Iringa, wauguzi wa Mbeya, wafanyabiashara wa mbao wa Mafinga na wenye maduka wa Mwanjelwa huuliza baada ya benki kuwapigia simu na kuwaeleza kwamba wamestahili kupewa kadi ya mkopo yenye pointi, yaani kadi inayokurudishia zawadi kidogo kwa kila unachonunua nayo. Viwango vya fedha vilivyotajwa katika mifano ni vya kukokotolea tu. Viwango vya kadi unayopewa wewe vimo katika jedwali la ada na makato la benki husika, na jedwali hilo lisomwe kabla ya kutia saini, si baada ya hapo.

Kadi ya mkopo inatofautianaje na kadi ya ATM niliyonayo?

Kadi ya ATM hutoa fedha zilizomo katika akaunti yako, na zikiisha, mashine hukataa. Kadi ya mkopo hutumia fedha za benki hadi kufikia ukomo uliowekewa, kisha mwisho wa mwezi benki hukutumia taarifa inayoonyesha ulichotumia, tarehe ya mwisho ya kulipa na kiasi cha chini kabisa unachoweza kulipa ili usihesabiwe kuwa umechelewa. Nembo ya Visa, Mastercard au UnionPay huwapo kwenye kadi za aina zote mbili, ndiyo maana wengi huzichanganya. Usiangalie nembo, uliza fedha zinatoka wapi.

Hizo pointi zinalipiwa na nani?

Zinalipiwa na mwenye duka, na vilevile na mteja mwenzako anayechelewa kulipa. Kila unapochanja kadi, benki inayomhudumia mwenye duka humkata asilimia fulani ya mauzo, na sehemu ya makato hayo huenda kwa benki iliyokupa kadi. Benki yako huchukua sehemu yake, ikaongeza na riba inayotozwa wateja wenye madeni, kisha ikakurudishia kidogo kwa jina la zawadi.

Kulijua hilo kunasaidia kuelewa kwa nini matangazo ya kadi za Marekani, ambayo vijana wetu huyaona mitandaoni, hayafanani na tunachopewa hapa. Nchini Marekani makato ya kadi za mkopo ni makubwa, kwa hiyo zawadi nazo ni nono. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2015, sehemu inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi ya mkopo ya mtu binafsi imewekewa kikomo cha asilimia 0.3 ya mauzo, na zawadi za huko zikapungua. Anayekuahidi kukurudishia asilimia 5 ya kila kitu unachonunua Mbeya hajakueleza zitakakotoka.

Nitajuaje kama matumizi yangu yanatosha kuifanya kadi iwe na faida?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huanza hesabu na mshahara, wakati kinachozaa pointi si mshahara bali ni zile shilingi zinazopita kwenye mashine ya kadi. Katika miji yetu tofauti ya viwili hivyo ni kubwa mno. Mchele wa Kyela unaununua sokoni kwa fedha taslimu. Viazi, maharage na ndizi za Tukuyu vivyo hivyo. Kodi ya nyumba unampa mwenye nyumba mkononi au kwa simu, bodaboda hana mashine, fundi hana mashine, na ada ya shule huwekwa benki kwa namba ya malipo. Kinachobaki kwa kadi ni supamaketi, baadhi ya vituo vya mafuta, hoteli, hospitali binafsi kubwa, tiketi za ndege na manunuzi ya mtandaoni.

Chukua familia ya muuguzi na mwalimu wanaoishi Uyole, inayotumia shilingi 1,400,000 kwa mwezi. Wakiandika kila tumizi kwenye daftari kwa mwezi mzima, huenda wakagundua kwamba yanayoweza kulipwa kwa kadi ni 450,000 tu. Kadi ikirudisha asilimia 1, watapata 4,500 kwa mwezi, yaani 54,000 kwa mwaka. Ikiwa ada ya mwaka ni 100,000, wamepoteza 46,000 na bado wanajiona wamepata zawadi. Ili ada hiyo irudi tu, kabla ya faida yoyote, inabidi shilingi 10,000,000 zipite kwenye kadi kwa mwaka, yaani takribani 833,000 kila mwezi.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, fanya zoezi la daftari kwa miezi miwili. Gawanya ada ya mwaka kwa kiwango cha zawadi, kisha ulinganishe jibu na kilichomo daftarini. Usiongeze manunuzi ili uifikie hesabu hiyo. Nimewahi kumsikia mtu akijisifu kwamba amenunua jokofu la pili kwa ajili ya pointi, na hadi leo jokofu hilo halijawahi kujaa.

Mimi ni mkulima wa parachichi Rungwe na kipato changu ni cha msimu. Kadi hii inanifaa?

Kwa maoni yangu, hapana, isipokuwa kama una kipato kingine kinachoingia kila mwezi. Kadi ya mkopo imetengenezwa kwa kuiga mwendo wa mshahara: deni hufungwa kila mwezi na hudaiwa kila mwezi. Parachichi, chai, mbao na mahindi haviendi kwa mwendo huo. Mkulima anayenunua pembejeo kwa kadi mwezi Novemba akitarajia kulipa atakapovuna atakuwa amelipa riba ya miezi kadhaa kabla hajauza hata kreti moja. Mkopo wa kilimo wa benki, au wa SACCOS au AMCOS yako, unaweza kupangiwa marejesho yanayofuata mavuno, na hakuna pointi zitakazoizidi faida hiyo.

Mwenye duka la jumla anayeuza kila siku yuko katika hali tofauti, kwani fedha zake huzunguka ndani ya mwezi. Yeye anaweza kunufaika, mradi asichanganye manunuzi ya duka na ya nyumbani katika kadi moja, maana siku ya kufunga hesabu hatajua faida yake imekwenda wapi.

Nikilipa kiasi cha chini tu kilichoandikwa kwenye taarifa, nitaendelea kupata pointi?

Mara nyingi utaendelea kuzipata, na huo ndio mtego. Tuseme umebakiza deni la shilingi 600,000 na riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Riba ya mwezi mmoja ni 18,000. Pointi ulizopata kwa manunuzi hayo, kwa kiwango cha asilimia 1, zina thamani ya 6,000. Mwezi mmoja tu wa kubakiza deni umezimeza mara tatu. Zaidi ya hapo, kadi nyingi hufuta muda wa kutotozwa riba ukibakiza deni, hivyo hata mkate ulionunua leo asubuhi huanza kuhesabiwa riba leo hii.

Anayejijua kwamba hawezi kulipa deni lote kila mwezi asitafute kadi yenye pointi. Atafute yenye riba ndogo, au abaki na kadi yake ya ATM.

Muda wa kutotozwa riba huhesabiwaje?

Huhesabiwa kwa tarehe mbili: siku ya kufunga taarifa na siku ya mwisho ya kulipa. Tuseme taarifa yako hufungwa tarehe 25 na siku ya kulipa ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukinunua matairi tarehe 26 Machi, yataingia kwenye taarifa ya tarehe 25 Aprili na utayalipia tarehe 15 Mei, siku 50 baadaye. Ukiyanunua tarehe 24 Machi, siku mbili tu kabla, utatakiwa kulipa tarehe 15 Aprili, baada ya siku 22.

Mtumishi anayepata mshahara katika siku za mwisho wa mwezi aombe siku ya kulipa iwe mapema mwezi unaofuata, kabla mshahara haujatawanyika. Benki nyingine hukubali kubadili tarehe zikiombwa. Ukiweza, toa maelekezo ya kudumu kwamba deni lote likatwe kwenye akaunti ya mshahara. Kusahau si kosa la kimaadili, lakini hutozwa faini kama la kimaadili.

Nichague pointi za benki, maili za ndege au kurudishiwa fedha?

Kurudishiwa fedha kunafaa wengi zaidi, kwa sababu shilingi haihitaji tafsiri. Pointi na maili (pointi za kampuni ya ndege) zinahitaji, na tafsiri yenyewe ni hesabu moja fupi: chukua bei ya kitu kwa fedha taslimu, toa kodi na tozo utakazolipa mwenyewe, kisha gawanya kwa idadi ya pointi zinazotakiwa.

Ikiwa tiketi ya ndege inauzwa shilingi 420,000, na unaweza kuipata kwa pointi 30,000 pamoja na tozo za shilingi 60,000, basi kila pointi imekuwa na thamani ya shilingi 12. Pointi hizohizo ukizibadilisha kwa vocha ya supamaketi ya 150,000, kila moja imeshuka hadi shilingi 5. Kama unapata pointi moja kwa kila shilingi 1,000 unazotumia, kadi yako inarudisha asilimia 1.2 ukiwa msafiri, na asilimia 0.5 ukiwa mnunuzi wa sukari. Na kumbuka kwamba pointi 30,000 zinahitaji matumizi ya shilingi 30,000,000.

Uliza pia pointi zinakufa lini. Pointi zinazoisha baada ya miaka miwili hazimfai mtu atakayehitaji miaka mitatu kufikisha tiketi moja. Maili nazo hazina kinga: kampuni ya ndege inaweza kupandisha idadi ya maili za tiketi ileile, na yule aliyezilimbikiza kama akiba ya uzeeni hana pa kulalamika. Tumia mapema.

Nasafiri mara chache kutoka uwanja wa Songwe. Nijiunge na maili za shirika gani?

Angalia kwanza nani anakupeleka unakokwenda, kisha chagua. Tangu uwanja wa Songwe ulipofunguliwa mwezi Desemba 2012, safari nyingi za wakazi wa Mbeya kwa ndege zimekuwa kwenda Dar es Salaam, na tiketi ya safari fupi kama hiyo huzaa maili chache. Maili huanza kuonekana kwa anayeunganisha kwenda mbali, kwa mfano wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Guangzhou na Dubai.

Ethiopian Airlines ina mpango wa maili uitwao ShebaMiles na imo katika Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege. Kenya Airways imo katika muungano wa SkyTeam. Qatar Airways imo katika muungano wa oneworld na maili zake huitwa Avios. Emirates ina mpango wa Skywards na haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu. Maana yake ni kwamba maili za Ethiopian zinaweza kutumika pia kwa mashirika mengine ya Star Alliance, lakini hazitakusaidia siku utakayopanda Emirates. Msafiri wa mara mbili kwa mwaka anayegawa safari zake kwa mashirika manne atakuwa na akaunti nne zisizofika popote.

Jambo ambalo maofisa wa mauzo hawalisemi kwa sauti ni kwamba kujiunga na mipango hii ni bure na hakuhitaji kadi ya mkopo. Jiunge kwanza, andikisha namba yako katika kila tiketi, na uone kwa mwaka mmoja maili zinakua kiasi gani. Baada ya hapo ndipo kadi inapoweza kujadiliwa.

Kadi yenye pointi nyingi inafaa kutumika nje ya nchi?

Inategemea makato ya fedha za kigeni, ambayo katika kadi nyingi duniani huwa kati ya asilimia 2 na 3 ya kila malipo. Ukilipa hoteli Dubai kwa kiasi kinacholingana na shilingi 2,000,000, na makato ni asilimia 3, umetoa 60,000. Ikiwa pointi zinakurudishia asilimia 2, umepata 40,000. Umerudi Mbeya na pointi, na pengo la 20,000. Kwa msafiri wa nje, kadi isiyo na makato hayo, au yenye makato madogo, hushinda kadi ya pointi nyingi karibu kila mara.

Kuna na mtego wa pili. Mashine ya huko itakuuliza kama unataka kulipa kwa dirham au kwa shilingi. Kuiona shilingi ya nyumbani ugenini kunatia moyo, lakini anayebadilisha hapo ni mwenye mashine, kwa bei yake mwenyewe. Chagua fedha ya nchi uliyopo.

Kwa wanaokwenda China, kadi ya UnionPay hupokelewa kwa wepesi kuliko nyingine kwa sababu ndiyo ya huko, ingawa sokoni watu hulipa zaidi kwa simu kupitia Alipay na WeChat. Programu hizo sasa hukubali kuunganishwa na Visa na Mastercard za wageni. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayatozwi, yanayozidi hapo hukatwa asilimia 3. Fanya maunganisho hayo ukiwa bado nyumbani, kwa kuwa benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya Tanzania, na laini isiyowezeshwa kufanya kazi nje haitaipokea.

Mwisho, hoteli na wakodishaji wa magari huzuia kiasi fulani katika ukomo wako kama dhamana, hata kama chumba umekwishalipia. Kadi ya mkopo hubeba mzigo huo vizuri, kwa sababu kinachozuiwa ni ukomo na si akiba yako. Mimi mwenyewe nililala ugenini siku mbili nikiwa na kadi ya ATM ambayo salio lake lote lilikuwa limezuiwa na hoteli moja, nikala chapati za barabarani hadi lilipoachiliwa.

Na kwa safari za Tunduma, Nakonde au Kasumulu?

Kadi haina kazi kubwa huko. Biashara ya mpakani huenda kwa fedha taslimu na kwa simu, na nauli za mabasi hulipwa vivyo hivyo. Ibebe kwa ajili ya hoteli ya Lusaka au Lilongwe na kwa dharura.

Nikilipa kwa Lipa Namba au kwa kuchanja msimbo wa TANQR (msimbo wa QR wa malipo nchini), napata pointi?

Kwa kawaida hupati pointi za kadi ya mkopo, kwa sababu fedha hutoka kwenye simu au kwenye akaunti ya benki na wala hazipiti kwenye kadi. Wapo wanaofikiria kuhamisha fedha kutoka kadi ya mkopo kwenda kwenye simu ili wapate pointi kisha walipie sokoni. Kila duka lina msimbo wa tarakimu nne unaoitambulisha biashara yake, na uhamisho kama huo hutambulika kwa msimbo wake: benki nyingi huunyima pointi, na nyingine huuhesabu kuwa ni kutoa fedha taslimu.

Kuna ubaya gani kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo?

Hutozwa ada ya kutoa, riba huanza siku hiyohiyo bila muda wa msamaha, na hakuna pointi. Usifanye hivyo.

Vipi kuhusu ukumbi wa mapumziko uwanjani na bima ya safari vinavyokuja na baadhi ya kadi?

Ukumbi una thamani kwa anayesubiri kwa muda wa saa sita Addis Ababa au Doha kuunganisha ndege. Kwa anayetoka Songwe, au uwanja wa Nduli wa Iringa, kwenda Dar es Salaam na kurudi, hauna. Uliza unaruhusiwa kuingia mara ngapi kwa mwaka bila malipo, na kama mwenzi wako naye anahesabiwa.

Bima ni jambo zito zaidi. Wanaoomba viza ya Schengen hutakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na baadhi ya kadi za daraja la juu huwa nayo. Kwa kawaida hufanya kazi pale tu tiketi ilipolipiwa kwa kadi hiyo, na ubalozi huhitaji barua yenye jina lako na tarehe za safari. Iombe barua hiyo mapema. Usiende kwenye miadi ya ubalozi ukiwa na kadi tupu mkononi.

Benki inataka niweke amana ya kudumu ndipo inipe kadi. Ni sawa?

Ni utaratibu unaotumika kwa wasio na mshahara unaopitia benki hiyo. Amana huzuiwa kama dhamana. Hakikisha inaendelea kukuzalia riba, na mkataba uonyeshe itaachiliwa baada ya siku ngapi ukiifunga kadi.

Nikikuta malipo nisiyoyafahamu, nimlalamikie nani?

Piga simu benki saa hiyohiyo, ifunge kadi, kisha uandike barua au baruapepe na kubaki na nakala. Malalamiko kuhusu malipo ya kadi yana ukomo wa muda, kwa mengi takribani siku 120, kwa hiyo isome taarifa yako kila mwezi. Benki isipokujibu ipasavyo, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya wateja wa huduma za kifedha, na ina kanuni za kuwalinda watumiaji za mwaka 2019. Tawi lake la kanda yetu liko Mbeya mjini.

Nataka kuifunga kadi. Nianzie wapi?

Anza na pointi: zitumie au zihamishe kabla hujaomba kufunga, kwani nyingi hufa pamoja na kadi. Ondoa kadi hiyo kwenye malipo yanayojirudia ya mtandaoni. Lipa deni lote, kisha subiri taarifa moja zaidi, maana riba ya siku chache za mwisho hujitokeza baadaye, na deni la shilingi 3,000 lililosahaulika linaweza kuripotiwa katika kumbukumbu za mikopo, ambazo mkopeshaji wako anayefuata atazisoma. Omba barua inayothibitisha kwamba akaunti ya kadi imefungwa na haidaiwi. Ukishaipata, kata kadi vipande viwili ukipitisha mkasi katikati ya ile chipu ya rangi ya dhahabu, na barua uiweke mahali pamoja na hati zako za kiwanja.